Uliza Tujibu: Mume wangu anataka kuuza shamba la zabibu, anasema Yesu anarudi mwaka huu

Mbukwenyi wapendwa, Bwana Yesu asifiwe, na ndugu wa Tumsifu Yesu Kristo najua mpo pia. Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinahusu unabii, nadhani ni kwa sababu ya vita tunavyoviona kwenye simu kila siku pamoja na zile klipu zinazorushwa kwenye magrupu ya kwaya na ya familia. Nimechagua sita, mengine nimefupisha, majina nimeyaacha. La kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa makusudi maana ndani yake kuna shamba na kuna watoto.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi upande wa Hombolo. Tuna ekari mbili za zabibu alizotuachia baba mkwe. Mume wangu tangu mwezi wa nne anamsikiliza mtumishi mmoja mtandaoni na kuna kikundi wanakutana usiku. Wanasema hiki ndo kizazi cha mwisho, mwaka huu hauishi kabla ya unyakuo. Ameacha kupogoa, ameacha kupiga dawa, na juzi kaleta mtu wa kununua shamba, anasema hela itaenda kwenye kazi ya Mungu. Nikimuuliza watoto watakula nini ananiambia kumbuka mke wa Lutu. Mimi naamini Yesu atarudi, lakini moyo unakataa. Je, nampinga Mungu?

JIBU: Marahaba mama. Hapana, humpingi Mungu, na hilo shamba lisiuzwe. Usisaini karatasi yoyote, kesho asubuhi nenda ofisi ya kijiji uwaambie wazi kwamba wewe hujaridhia, na waambie pia wazee wa ukoo wa baba mkwe maana wao wanajua alivyolihangaikia. Nimetanguliza ofisi ya kijiji kabla ya Biblia kwa sababu mnunuzi keshafika, tukikaa kwenye mahubiri tutakuta mizabibu imeshakuwa ya mtu mwingine.

Sasa twende kwa Yeremia. Ni kama mwaka 587 kabla ya Kristo, jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, njaa imeingia mjini, na Yeremia mwenyewe amefungwa kwenye uwanda wa walinzi kwa kosa la kutabiri kwamba mji utaanguka. Huyu alikuwa nabii wa kweli, tena alichokuwa anatabiri ni mwisho wa mji wake mwenyewe, na mji ulianguka kweli. Basi katikati ya hali hiyo anakuja binamu yake Hanameli anamwambia ninunulie shamba langu la Anathothi. Hilo shamba liko nje ya kuta, maadui wameshalikanyaga, nani ananunua kitu kama hicho? Mungu akamwambia nunua. Akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaita mashahidi, hati moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, akampa Baruku aziweke kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Soma Yeremia 32 yote taratibu mama, na ukifika mstari wa 15 simama hapo: "Nyumba, na mashamba, na mashamba ya mizabibu, yatanunuliwa tena katika nchi hii." Mizabibu kabisa, kwa jina lake.

Yaani nabii aliyeujua mwisho kuliko wote alinunua shamba. Mume wako ameambiwa auze. Hapo tu mngekaa chini muulizane huyo mtumishi anasoma kitabu kipi.

Na kuna jambo lingine kwenye kitabu hichohicho, sura ya 28. Hanania alikuwa nabii pia, alisimama hekaluni mbele ya watu wote akasema ndani ya miaka miwili mambo yatakuwa yamekwisha, vyombo vya hekalu vitarudi na waliopelekwa Babeli watarudi. Watu walimpenda, nani asiyependa kusikia ni miaka miwili tu? Akamvua Yeremia nira ya mti shingoni, aliyoivaa kama ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja. Yeye Hanania alikufa mwaka uleule, na Yeremia akaandika barua kwa wale walioko Babeli akawaambia ni miaka 70, kwa hiyo "jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Oeni, zaeni, utakieni amani mji mnaokaa. Ule mstari unaobandikwa kwenye bodaboda na daladala zetu, "maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", umetoka kwenye barua hii, sura ya 29 mstari wa 11, na mstari wa 10 ndo unaotaja hiyo miaka 70, ila wa 10 sijauona kwenye stika hata siku moja. Ahadi ile walipewa watu walioambiwa wakae muda mrefu, wafanye kazi, walee watoto.

Kuhusu mke wa Lutu, yule aliyegeuka nyuma akawa nguzo ya chumvi, ni kweli Bwana alisema mkumbukeni. Lakini kwenye mafundisho yaleyale ya kurudi kwake alisema wawili watakuwako shambani, mmoja atwaliwa, mmoja aachwa, na wanawake wawili wakisaga, mmoja atwaliwa, mmoja aachwa. Hebu mwambie mume wako aangalie vizuri aliyetwaliwa alikutwa wapi. Alikutwa shambani. Hakuna palipoandikwa kwamba aliyetwaliwa ni yule aliyeuza na aliyeachwa ni yule aliyekuwa anapogoa.

Na hili la tarehe si geni, nalisema kwa uchungu maana limeua watu. Marekani kulikuwa na mkulima na mhubiri wa Kibaptisti, William Miller, alisoma Danieli 8 kuhusu siku 2,300 akazihesabu kama miaka, na wafuasi wake wakafikia tarehe 22 Oktoba 1844. Walikuwa watu wanyofu, wengine waliacha viazi shambani bila kuvuna ili kuonyesha imani yao. Usiku ukapita, wakalia mpaka asubuhi. Ndugu zetu Wasabato wametokea kwenye historia hiyo na wao leo hawapangi tarehe, wamejifunza kwa machozi. Mwaka 2011 Harold Camping, naye wa Marekani, alitangaza tarehe 21 Mei kwenye redio, watu wakaacha kazi wakamaliza akiba zao, ikapita, akasema basi 21 Oktoba, ikapita, mwaka uliofuata akakiri kwamba amekosea. Huko ni mbali. Kanungu pale Uganda kuna kikundi kiliwaambia watu dunia inaisha mwaka 1999 unapokwisha, waumini wakauza mali zao, dunia haikuisha, na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea kwa moto ndani ya jengo la ibada. Na Shakahola, kaunti ya Kilifi, hapo Kenya tu, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na watoto wengi sana walikuwemo. Sisemi kikundi cha mume wako kiko hivyo, sijui, ila mahali wanapokutana usiku, wanahesabu tarehe, na mali inauzwa, mama, wewe na wazee wa kanisa lenu mnatakiwa mjue kinachoendelea humo ndani.

Nikuambie la kwetu. Mwaka 1999 nilikuwa sekondari, kijijini habari ya mwaka 2000 ilikuwa imeenea kila mahali, na kuna jirani yetu mmoja, mtu mwema sana, mwombaji, msimu ule mvua ya mwezi wa kumi na mbili ilipoanza hakulima. Mama yangu alikuwa ametunza mbegu za uwele, akaenda akapanda kama kila mwaka, nikamuuliza mama na Yesu akija je? Akasema atanikuta napalilia. Tulikesha usiku ule kanisani, asubuhi ya tarehe mosi tukarudi nyumbani, na mwezi wa sita yule jirani alikuwa anakuja kwetu na debe. Mama alimpa, hakumsema. Watoto wake ndo walioumia, wao hawakuwa wametabiri chochote.

Wathesalonike nao walikuwa na watu wa hivi, wanaosema siku ya Bwana imeshafika, na Paulo aliwaandikia barua nzima ya pili kuwatuliza. Kwenye barua hiyohiyo ndo kuna lile neno, ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula. Watu wanalitumia kuwasema wavivu, lakini ukisoma kuanzia mwanzo utaona inaonekana watu walishaacha shughuli zao wanazunguka tu huku siku ya Bwana ikiwa midomoni mwao.

Sasa usigombane naye. Mume aliyeshika jambo hili kwa hofu ya Mungu ukimpigia kelele atakuona wewe ndo jaribu lenyewe. Mwambie tusome wote Yeremia 28 mpaka 32, sura moja kila usiku baada ya kula, watoto wakiwepo. Soma na Matendo 1:7, Bwana mwenyewe anasema "si kazi yenu kujua nyakati wala majira", na Mathayo 24:36, hata malaika hawajui. Halafu muulize kwa upole kama mtumishi huyo ameuza la kwake. Wakati mnaendelea kusoma we pogoa, kama huwezi mwenyewe tafuta kijana wa kibarua, maana zabibu zetu hapa zinavunwa mara mbili kwa mwaka na mti usiopogolewa kwa wakati hautakungoja mpaka mmalize mjadala. Ukikwama niandikie tena.

SWALI: Mwalimu, mimi ni bodaboda kijiwe cha Nkuhungu. Mchungaji wetu kasema namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndo 666, kwa sababu bila hiyo husajili laini, hufungui akaunti, sa hivi karibu kila kitu wanaitaka. Ufunuo 13 inasema mtu asiweze kununua wala kuuza asipokuwa na alama ya mnyama mkononi au usoni. Mimi ninayo tayari. Nimepotea?

JIBU: Hujapotea mdogo wangu, lala usingizi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, haikukutaka umkane Yesu wala umsujudie mtu. Ufunuo 13 na 14 zisome pamoja uone alama inakwenda na nini kila inapotajwa: inakwenda na kumsujudu mnyama. Hakuna anayeipata kwa bahati mbaya akiwa kwenye foleni ya alama za vidole.

Angalia tena, mara tu baada ya alama ya mnyama, Ufunuo 14:1 inasema wale 144,000 wana jina la Mwanakondoo na la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso zao. Mbona hilo hatulitafutii chipu? Tunaelewa haraka kwamba maana yake ni watu wake, wamemilikiwa naye. Na Myahudi aliyesikia habari ya mkono na uso alikumbuka Kumbukumbu la Torati 6:8, maneno ya Mungu yafungwe mkononi na yawe kati ya macho, yaani unayoyatenda na unayoyawaza. Mnyama anataka mahali ambapo Mungu alishajiwekea.

Hesabu yenyewe ya 666, wataalamu wengi wanaona inamwelekea Nero, Kaisari aliyewatesa Wakristo pale Rumi baada ya ule moto wa mwaka 64. Zamani herufi zilitumika kama namba, na ukiandika Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania kufuata matamshi ya Kigiriki unapata 666, ukiandika kwa matamshi ya Kilatini herufi moja yenye thamani ya 50 inadondoka inakuwa 616, na kuna nakala za kale za Ufunuo zenye 616 kweli. Wengine wanasoma sura hii kama historia ndefu ya kanisa, wengine wanasema yote ni ya mbele, ni ndugu zetu na wana hoja zao. Mimi naona Yohana aliwaandikia kwanza watu wa Efeso na Pergamo na miji mingine waliokuwa wanabanwa wamfukizie Kaisari uvumba, na mfanyabiashara aliyekataa mambo ya sanamu alikuwa hatarini kupoteza wenzake na wateja wake. Hilo lilikuwa tatizo lao la kila siku, kama wewe na abiria wako.

Ireneo, askofu wa Lyon kwenye karne ya pili, alijua habari ya 666 na ile 616, na aliwaonya watu wa wakati wake waache kubahatisha majina. Tangu utoto wangu nimesikia ni zile alama za mistari kwenye bidhaa, halafu kadi za benki, halafu chanjo ya Korona, sasa NIDA, na kila mara waliotishwa zaidi ni watu wa hali ya chini ambao walikuwa wanahitaji kile kitu. Ila jambo la kununua na kuuza liangalie kijiweni hapohapo: siku ukiambiwa ushiriki kumdhulumu mtu la sivyo hupati abiria, hapo ndo Ufunuo 13 imekufikia.

SWALI: Mimi ni Mgogo wa Bahi, nafanya kazi mjini. Ofisini kuna kaka kila vita ikitokea Mashariki ya Kati anasema ni Ezekieli 38, Gogu, yule adui anayekuja kuivamia Israeli, ni Urusi. Mwingine akasema Gogu ni nyie Wagogo, watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilienda nyumbani nikasoma nikaogopa. Tunahusika?

JIBU: Pole ndugu yangu, na niseme hapa mbele ya wasomaji wote kwamba kumtania mtu kwa Neno la Mungu mpaka akaogope nyumbani kwake si jambo zuri. Hamhusiki. Jina la Wagogo inasimuliwa lilitolewa na watu wa misafara ya biashara waliokuwa wanapita kwenda pwani karne ya 19, kutokana na magogo ya miti. Ezekieli alikuwa mateka kando ya mto Kebari huko Babeli, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Majina yamefanana sauti tu.

Lakini huyo kaka wa Urusi naye anafanya kosa lilelile, ila lake linaonekana la kisomi. Wanasema majina ya sura hiyohiyo, Roshi ni Urusi, Mesheki ni Moscow, Tubali ni Tobolsk. Ni kufanana sauti tu. Neno rosh kwa Kiebrania ni kichwa, mkuu, ndo maana tafsiri nyingine zinasema "mkuu wa Mesheki na Tubali" bila nchi ya tatu. Na Mesheki na Tubali tunawajua, wamo kwenye kumbukumbu za Waashuru, walikaa sehemu za Uturuki ya leo, na Ezekieli mwenyewe sura ya 27 anawataja wakifanya biashara ya watumwa na vyombo vya shaba na mji wa Tiro.

Ambrose, askofu wa Milan, karne ya nne alisema Gogu ni Wagothi, kwa sababu Wagothi ndo walikuwa wanaitia Rumi hofu. Martin Luther karne ya 16 akasema ni Waturuki, kwa sababu Waturuki walikuwa wanakuja Ulaya. Karne ya 20 ikawa Urusi. Kila kizazi kimemwona Gogu kwenye uso wa adui aliyekuwa mlangoni kwake. Kumbe Yohana alishatupa njia kwenye Ufunuo 20:8, anawataja Gogu na Magogu kuwa ni mataifa ya pembe nne za dunia, hakufunga kwenye nchi moja. Na ujumbe wa Ezekieli kwa wale mateka waliopoteza kila kitu ulikuwa kwamba hata adui awe mkubwa kiasi gani atoke kaskazini, Mungu hatawaacha tena. Uliandikwa kuwatoa watu hofu.

Kuna wengine walihesabu miaka 40 toka Israeli kuwa taifa mwaka 1948, wakapata 1988, ukapita. Ikitokea vita fanyeni alichosema Bwana, mtasikia habari za vita, angalieni msitishwe, halafu waombeeni watu. Huko kuna Wayahudi, kuna Waislamu, kuna Wakristo Wapalestina pale Bethlehemu, wote wana watoto. Mtu akifurahia bomu kwa sababu anaona ratiba inasogea, huyo nampinga waziwazi.

SWALI: Nabii mmoja alinitabiria kwamba kuna mtu kazini amefunga nyota yangu, natakiwa nipande mbegu ya laki tatu kwa simu kabla ya Jumapili. Nimekopa laki moja. Niongeze? Dada wa Chang'ombe.

JIBU: Usiongeze, na hiyo laki rudisha ulikokopa leo. Kufungwa nyota ni lugha ya waganga, haimo kwenye unabii wa Biblia. 1 Wakorintho 14:3 inasema anayehutubu huwajenga watu, huwafariji na kuwatia moyo, na mstari wa 29 unasema wengine wapambanue, kwa hiyo una ruhusa ya Mtume mwenyewe kupima ulichoambiwa. Wewe umeambiwa jambo linalokufanya umchukie mwenzako wa ofisini na udaiwe. Mika 3:11 aliwakemea manabii waliobashiri ili wapate fedha, na Elisha alipomponya Naamani alikataa zawadi zake zote, aliyekimbia nyuma ya gari kuzidai ni Gehazi, na alirudi na ukoma. Dada, yule wa kazini ambaye umeanza kumkwepa, kesho msalimie kama zamani.

SWALI: Nasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwenzangu wa hosteli anasema Wakristo tumebadilisha Isaya 7:14, ile ya bikira atakayezaa mtoto aitwaye Imanueli, haikumhusu Yesu, ilimhusu mtoto wa wakati wa mfalme Ahazi. Nilikosa jibu.

JIBU: Mwenzako ana nusu ya ukweli, mshukuru kwa hiyo nusu. Isaya alikuwa anaongea na Ahazi, kama mwaka 735 kabla ya Kristo, anaogopa wafalme wawili, wa Shamu na wa Israeli, na mstari wa 16 unasema kabla mtoto hajajua kukataa mabaya nchi za wafalme hao zitaachwa. Dameski ilianguka mwaka 732, Samaria 722. Kwa hiyo ishara ilikuwa na kazi kwa Ahazi. Ingekuwa ajabu Mungu amwambie mtu aliyezungukwa na maadui subiri miaka mia saba.

Mathayo, aliyeunukuu mstari huo kumhusu Yesu, alilijua hilo. Anaposema "litimie" mara nyingi maana yake ni kujaa, kama debe lililokuwa na punje chache likajazwa mpaka juu. Fanya hivyohivyo na Hosea 11:1, "nikamwita mwanangu atoke Misri", Hosea anaongelea wana wa Israeli waliokwisha kutoka Misri, Mathayo anaona Yesu akiipita njia ileile ya taifa lake na yeye asianguke. Neno lililokuwa kweli kwa Ahazi lilikuwa bado lina nafasi ndani yake, Mungu pamoja nasi, na aliyeijaza ni yule wa Bethlehemu. Mjibu hivyo, na msome sura nzima pamoja, mwenzako anaonekana ni msomaji.

SWALI: Mimi ni bibi wa Kongwa, miaka 71. Toka niolewe mzee mmoja wa kanisa alitukataza kusoma Ufunuo, akasema kinachanganya akili. Sijawahi kukifungua. Nitakufa sijakisoma?

JIBU: Shikamoo bibi. Kifungue leo. Ni kitabu kinachoanza kwa kumpa heri msomaji wake, sura ya 1 mstari wa 3, heri asomaye, na wao wayasikiao. Anasoma mmoja wanasikia wengi, kwa hiyo kama macho yamechoka mjukuu asome kwa sauti na wewe usikilize, ndivyo kilivyosomwa kwenye yale makanisa saba. Anzeni sura ya kwanza mpaka ya tatu, zile barua, utawatambua watu unaowajua kanisani kwenu. Halafu rukeni mwende sura ya 21 na ya 22, pale anapofuta kila chozi, muone mwisho ulivyo. Mkishaujua rudini sura ya nne mwendelee pole pole na wale wanyama, sura moja kwa wiki inatosha, na pale msipoelewa msikwame hapo, mwambie mjukuu aendelee kusoma.